Mji wa Mifereji Usiokuwa na Mfereji

Nilipowaambia wanangu kwamba likizo ya vuli tutakwenda kwenye mji wa mifereji, Nassor aliuliza tuchukue ndoo ngapi. Ana miaka 4, na kwake mfereji ni ule uliopachikwa ukutani katika ua wa bibi yake, Malindi, Unguja: unafunguliwa, unakoroma kwanza kwa hewa, kisha maji yanakuja, na nyumba nzima inakimbilia ndoo. Watu wa bara wangeuita bomba. Sisi wa Unguja tuna neno moja kwa vitu viwili, wa kuchotea maji na wa kupitishia maji. Salma, dada yake wa miaka 8, alimweleza taratibu kwamba mfereji wa Venezia ni njia, kama barabara, ila ni ya maji.

"Basi wanakunywa barabara," akasema Nassor.

Nimesomesha historia skuli ya sekondari kwa miaka 6 kabla ya ndoa kunipeleka München, na Venezia niliijua kwa mambo yanayoandikwa vitabuni: wafanyabiashara, merikebu, watawala waliochaguliwa na kuitwa Doge, Marco Polo aliyeitaja Zanzibar katika kitabu chake bila kufika. Swali la maji ya kunywa halikuwahi kunijia. Lilimjia mtoto ambaye hata viatu bado anavaa kinyume.

Treni ya München inapita njia ya milimani ya Brenner, inateremka Italia, na mwisho wake inaingia baharini. Ndivyo inavyoonekana dirishani. Daraja la reli lina urefu wa karibu kilomita 4 juu ya maji ya kina kifupi, na lilifunguliwa 1846. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 1,000, hakuna aliyefika Venezia ila kwa chombo. Ukitoka mlango wa stesheni hukuti teksi wala basi. Unakuta ngazi, na chini ya ngazi Mfereji Mkuu, na boti za abiria zikigongana na gati kama madau ya Forodhani.

Niseme mapema kwa mzazi atakayefuata: kigari cha mtoto kiache nyumbani. Mji umekaa juu ya visiwa 118 vilivyoshonwa kwa madaraja zaidi ya 400, na takriban kila daraja ni ngazi. Siku ya kwanza nilikibeba kigari mkono mmoja na Nassor mkono wa pili. Siku ya pili nilitoa kanga, nikamfunga mgongoni, mkubwa vile vile alivyo, na bibi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa na kapu la mboga akasimama darajani kunipigia makofi.

Tulipanga chumba mtaa wa Cannaregio, karibu na njia pana ya soko iitwayo Rio Terà San Leonardo. Salma alisoma kibao akauliza rio terà ni nini. Rio ni mfereji mdogo; rio terà ni mfereji uliofukiwa kwa udongo ukawa njia ya miguu. Ziko nyingi mjini, hasa za karne ya 19, wakati watawala wapya walipotaka watu watembee badala ya kupiga kasia. Nilimwambia tunayo ya kwetu. Akashangaa. Nikamuuliza, pale tunaponunua samaki na bibi panaitwaje? "Darajani." Daraja liko wapi? Akafikiri, akasema hajaliona.

Halionekani kwa sababu maji yake hayapo. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa kamili. Hori la bahari liliuzunguka kwa mashariki, likijaa na kupwa, na ng'ambo ya hori ndiko kulikoitwa Ng'ambo. Daraja lilivuka hapo. Hori likafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, pakawa barabara, viwanja na vituo vya daladala, na yakabaki majina mawili yanayoeleza maji yasiyokuwepo. Mtoto wa Unguja anakua akisema "Darajani" na "Ng'ambo" kila siku bila kuambiwa kwamba anataja bahari. Mimi mwenyewe niliambiwa ukubwani, na si skuli. Jambo hili limeniuma tangu siku hiyo, na limeniuma zaidi nilipokiona kibao cha Cannaregio, jiwe jeupe na herufi nyeusi, kinamwambia kila mpita njia: hapa palikuwa na maji.

Asubuhi iliyofuata ndipo kiu ilipotukuta. Tulikuwa Campo del Ghetto Nuovo, uwanja mpana wenye nyumba ndefu kupita kawaida ya mji ule. Mwaka 1516 Jamhuri ya Venezia iliamuru Mayahudi wote wa mjini wakae kisiwa hiki kimoja, chenye malango yaliyofungwa usiku, na walinzi walilipwa kwa fedha za Mayahudi wenyewe. Watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka; nyumba zikapanda juu, ghorofa 7 na zaidi, dari zikiwa chini kiasi cha mtu kuinama. Jina la kisiwa hicho, lililotokana na kiwanda cha kuyeyushia madini kilichokuwa karibu, ndilo lililosambaa duniani likawa geto. Malango yaling'olewa 1797, jeshi la Napoleon lilipoingia. Salma nilimweleza yote haya. Nassor nilimwambia tu kwamba watu walifungiwa, akauliza kosa lao, nikamjibu hawakuwa na kosa.

Watoto wa mtaa walikuwa wanacheza mpira, na goli lao moja lilikuwa jiwe la mviringo lililochongwa, urefu wa kiuno cha mtu mzima, pana juu, jembamba kidogo kati.

"Mama, kinu!" Nassor akalia. "Kinu cha jitu!"

Kweli ni kinu kitupu, kimekosa mchi tu. Uwanja ule una vinu vitatu, na kila kimoja kina kifuniko cha chuma kilichofungwa. Nassor alitaka kuchungulia, akashindwa, akakumbuka kwamba ana kiu. Chupa yetu ilikuwa tupu. Mfereji wenye maji ya kijani ulikuwa hatua 30 kutoka tuliposimama, na mwanangu alilia maji huku akiutazama.

Yale ni maji ya chumvi. Venezia imejengwa katika wangwa, juu ya matope na nguzo za miti, na ukichimba shimo pale unapata bahari. Kisima kwa maana yetu, cha kuchimba mpaka ukute maji matamu chini, hakikuwezekana. Mji uliokuja kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Ulaya, wenye watu zaidi ya 150,000 katika karne ya 16, haukuwa na tone la maji ya kunywa ila lile lililoanguka kutoka mbinguni. Na vile vinu ndivyo midomo ya mabirika waliyokingia mvua.

Tulipata maji kwenye kibomba cha chuma kinachotiririka pembeni, viko vingi mjini, maji mazuri na ya bure. Nassor akashiba. Nikakaa chini nao kando ya jiwe, nikawachorea kwa chaki ya Salma jinsi birika lilivyojengwa, kwa kuwa nadhani ni kazi ya akili kuliko kuba lolote la dhahabu tuliloliona wiki ile.

Walichimba shimo pana, kina cha mita 5 hivi, likachukua karibu uwanja mzima. Ndani wakakandika udongo wa mfinyanzi mzito pande zote na chini, ili chumvi isipenye. Katikati wakajenga bomba la matofali kama mnara uliosimama shimoni, matofali yasiyozibwa sana, yapitishe maji. Nafasi yote iliyobaki baina ya mnara na mfinyanzi wakaijaza mchanga safi. Juu wakatandika mawe ya sakafu, yakiinama kidogo kuelekea mawe manne meupe yenye matundu. Mvua ikinyesha, uwanja mzima unakuwa sinia: maji yanateremkia kwenye matundu, yanazama mchangani, yanachujika taratibu, yanaingia katika mnara wa kati, na mtu anayateka kwa ndoo kupitia kinu. Hata maji ya mapaa yalishushwa kwa mabomba ya udongo yaliyopita ndani ya kuta.

"Kama kifumbu cha bibi," akasema Salma.

Ndiyo, kama kifumbu. Nazi inabaki juu, tui linashuka. Alikuwa ameelewa kuliko nilivyoeleza, akaanza kutafuta yale mawe yenye matundu, akayapata yote manne, akasimama juu ya kila moja. Tangu hapo kila uwanja tuliofika alikwenda kwanza kuyahesabu, na Nassor alikwenda kukiangalia kinu. Wenyewe wanaviita viwanja hivyo campo, yaani konde, kwa sababu zamani vilikuwa vya majani na mboga. Uwanja wa Mtakatifu Marko pekee ndio unaoitwa piazza. Tulifika huko pia, tukawaona farasi wa shaba walioporwa Constantinople 1204, tukapita. Katika ua wa Kasri ya Doge mna vinu viwili vya shaba vya karne ya 16, vimechongwa watu na matunda mpaka hapana pa kuweka kidole. Ni vizuri. Lakini Nassor hakuvipenda, na mimi pia nilitaka kurudi kwenye vile vya mtaani.

Vya mtaani vina makovu. Kwenye ukingo wa vingi utakuta mifuo iliyolika ndani ya jiwe, laini kama kijiko, mahali kamba zilipopita zikiteremsha na kupandisha ndoo. Salma alitia kidole katika mfuo mmoja, kikazama hadi kwenye kucha. Jiwe hilo jeupe linatoka Istria, ng'ambo ya Bahari ya Adriatic, na ni gumu. Kamba ya katani haiwezi kulila kwa mwaka wala kwa miaka 10. Na chini ya baadhi ya vinu kuna kibakuli kilichochongwa katika jiwe lile lile, kimo cha kifundo cha mguu. Hicho kiliwekwa maji ya paka, mbwa na ndege. Nassor akapiga magoti, akanyanyua mkono kama anakunywa, akaniuliza kwa nini bibi hana hiki kwa ajili ya paka wake. Sikuwa na jibu. Mji uliohesabu kila tone ulimkumbuka paka.

Tone lilihesabiwa kweli. Visima hivi vya mvua vya mtaa vilikuwa na mifuniko ya kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mkuu wa mtaa. Kengele ililia mara mbili kwa siku, watu wakatoka na ndoo, kisima kikafunguliwa, kikafungwa. Matajiri walikuwa na mabirika katika nyua za majumba yao. Na tajiri aliyetaka kukumbukwa alimjengea mtaa kisima. Kipo kimoja Campo dell'Angelo Raffaele, upande wa Dorsoduro, chenye mwaka 1349 na jina la Marco Arian. Mwaka uliotangulia tauni ilikuwa imeufagia mji, na yeye alitenga fedha katika wasia wake ili mtaa wake upate maji safi. Tulikwenda kukiona kwa miguu, mwendo mrefu kwa Nassor, na nilisimama pale kwa muda. Kwetu mtu wa aina hiyo tungesema ameacha sadaka inayotiririka.

Mvua ikikosekana, walipanda mashua. Kilikuwepo chama cha wauza maji, acquaroli, ambao walivuka wangwa hadi kwenye Mto Brenta, wakajaza maji matamu katika mashua zao, wakarudi kuyauza na kuyamimina visimani. Mwanzoni mwa karne ya 17 Jamhuri ilichimba mfereji mdogo huko bara, Seriola, kuyasogeza maji ya Brenta karibu na ukingo wa wangwa. Tazama basi: mji wenye mifereji kila upande ukaenda kuchimba mwingine bara ili upate cha kunywa. Na adui yao mkubwa alikuwa ile ile bahari iliyowatajirisha. Adriatic haijai wala kupwa kwa zaidi ya mita 1 hivi, si kama bamvua letu la mita 4. Lakini bamvua lao likikutana na upepo wa kusini-mashariki, maji yanapanda viwanjani, yanaingia katika matundu yale manne, na birika la mtaa linaharibika. Ndiyo maana baadhi ya visima vimeinuliwa juu ya jukwaa la ngazi, kama pale San Trovaso, jirani na karakana ya gondola ambako Nassor aliona mafundi wakiziba nyufa za chombo akasema ni Nungwi, kwa waunda majahazi wetu.

Katika karne ya 19 maji yalipelekwa majumbani na wanawake, wengi kutoka milima ya Friuli. Waliitwa bigolanti, kwa jina la bigolo, ubao uliopinda waliouweka begani na ndoo ya shaba kila upande. Niliwaonyesha watoto picha ya zamani ya wanawake hawa dukani, wamevaa kofia, wamesimama mbele ya kinu. Usiku tulimpigia simu mama yangu, Salma akamwamkia na kumsimulia wanawake wa mbao.

"Huo ni mzega," mama akasema. "Kwani hujui mzega wewe? Alikuwepo mzee mmoja akituletea hapa mlangoni, madebe mawili, akipita kichochoroni anaimba njia, njia. Tukimlipa kwa debe."

Salma hakuwa amelisikia neno hilo maishani. Akaliandika katika daftari lake la safari: mzega. Mama aliendelea kuongea, kuhusu mzee huyo, bega lake lililokuwa na sugu kama nundu ya ng'ombe, na maji aliyoyateka kwenye mfereji wa mtaa. Na mfereji wa mtaa uliletwa na Seyyid Barghash, akasema, kama anavyosema kila mtu wa umri wake.

Nilipowalaza watoto nilikaa na mahesabu ya miaka. Seyyid Barghash alitawala 1870 hadi 1888, na katika utawala wake maji ya chemchemi za njia ya Bububu yaliingizwa mjini Unguja kwa mabomba. Venezia ilifungua mabomba yake kutoka bara mwaka 1884. Miji miwili ya wafanyabiashara, imezungukwa na chumvi, ikapata mfereji wa ukutani karibu wakati mmoja. Na yote miwili ilikuwa imezika watu wengi kwanza. Kipindupindu kiliivamia Unguja 1869 na 1870, kikaua maelfu katika mji uliokunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa jirani ya vyoo. Venezia ilikipata tena na tena karne hiyo, ukiwemo mwaka 1849 ilipokuwa imezingirwa na Waaustria. Napenda kuwafundisha watoto kwamba maendeleo huletwa na watu wenye busara. Hapa niliona pia makaburi.

Kuna uzi mwingine unaotufunga na mji ule, na nitaupitia upesi. Vioo vya Venezia vinatengenezwa kisiwa cha Murano tangu 1291, Jamhuri ilipohamishia tanuri huko kwa kuogopa moto. Huko zilitoka shanga ndogo ndogo ambazo wanawake wa mitaa ya masikini walizitunga nyuzini wakiwa wamekaa milangoni, impiraresse, na shehena zake zikaja hadi Unguja, zikapanda bara kwa misafara. Nyekundu zenye moyo mweupe, sam-sam, zilikuwa ghali. Salma alinunua fungu moja. Nilimwambia ajue pia shanga hizo zilibadilishwa na nini katika baadhi ya safari zile, pembe na watu. Akanyamaza, akazifunga katika karatasi.

Baada ya mabomba ya 1884, visima vya Venezia vilifungwa kimoja baada ya kingine. Hesabu ya 1858 ilikuta mabirika zaidi ya 6,000, ya majumba na ya mitaa. Vinu vingi viliuzwa, vikaishia katika makumbusho na bustani za matajiri wa nchi nyingine. Vilivyobaki ndivyo watoto wanavyopigia mpira, na nafurahi kwamba hakuna aliyewazuia. Visima vyetu vya Mji Mkongwe ningependa nione mtu anavihesabu hata mara moja, nyumba kwa nyumba, kabla ya wenye kumbukumbu hawajaondoka. Mama anasema kipo kimoja chini ya jiko lake. Nimelala juu yake utotoni bila kujua.

Siku ya mwisho mvua ilishuka tangu alfajiri. Sanduku lilikuwa limefungwa, treni ilikuwa ya mchana, nami nilitaka tubaki chumbani. Salma alikataa. Akavaa koti, akamshika mdogo wake mkono, nikawafuata hadi Campo del Ghetto Nuovo. Uwanja ulikuwa mtupu. Maji yalikuwa yanatembea juu ya mawe, mstari mwembamba mwembamba, kutoka kila upande, yakielekea pale pale nilipowachorea kwa chaki. Salma alichutama kando ya jiwe lenye matundu akayatazama yanazama. Nassor akaenda kwenye kinu, akalaza sikio juu ya kifuniko cha chuma, akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Yanasikika?" dada yake akamuuliza.

Nassor akamwashiria anyamaze.